Edward Appleton, mtu aliyepima mbingu kwa redio

Wenye kusikiliza redio usiku wanaijua shida hii: stesheni ya mbali inaingia vizuri, sauti inafifia, kisha inarudi. Betri haina kosa. Aliyeonyesha sababu ni Mwingereza Edward Appleton, mzaliwa wa Bradford mwaka 1892.

Tangu 1902, Kennelly huko Marekani na Heaviside huko Uingereza walisema juu kuna tabaka la umeme linalorudisha mawimbi ya redio chini. Lakini nani angepanda kulipima? Satelaiti hazikuwapo.

Usiku wa tarehe 11 mwezi wa 12 mwaka 1924, Appleton na mwanafunzi wake Miles Barnett walikuwa Oxford na antena yao. Matangazo ya BBC yalipokwisha, mtambo wa Bournemouth ukaanza kubadilisha masafa polepole. Nguvu ya mawimbi ikawa inapanda na kushuka, kwa sababu wimbi lililopita chini lilikutana na lile lililorudi kutoka juu: mara yanasaidiana, mara yanafutana. Wakahesabu mipando hiyo, wakapata kimo cha tabaka: kati ya kilomita 90 na 100.

Baadaye aligundua tabaka lingine, zaidi ya kilomita 200 juu. Hilo ndilo hasa linalobeba mawimbi mafupi hadi mabara mengine. Hewa ya huko, iliyopasuliwa na jua hadi kubeba umeme, ndiyo plasma.

Alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1947. Alifariki mwaka 1965, akiwa bado mkuu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh.