Manalo, jina lililozuiwa mlangoni

Jioni nikipita Bandari ya Kale hapa Mombasa, husimama kidogo nikawatazama vijana wakichupa majini kutoka ukutani. Hakuna anayewauliza baba zao ni kina nani. Victoria Manalo, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama Vicki Draves, aliulizwa.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, Desemba 1924, baba Mfilipino na mama Mwingereza. Kwao hakukuwa na pesa, na maji yenyewe alikuwa akiyaogopa. Hakuanza kujifunza kuchupa hadi umri wa miaka 16, umri ambao bingwa wa leo keshapata medali. Alipotaka kufanya mazoezi na klabu ya hoteli ya Fairmont, mkufunzi alimpa sharti: aliache jina la Manalo atumie Taylor, la ukoo wa mamake. Mfilipino hangekubaliwa pale. Akakubali.

Mkufunzi yule, mimi mpaka leo sijaamua nimlaumu au nimshukuru. Mlango alimfungulia, lakini ulikuwa mlango wa uani. Nasi tuliozoea kuulizwa asili ya babu zetu tukienda kuomba kitambulisho twajua uzito wa jambo hilo.

Baadaye alifunzwa na Lyle Draves, wakaoana mwaka 1946. Kuanzia mwaka huo alikuwa bingwa wa Marekani kwenye jukwaa miaka mitatu mfululizo.

Kisha ikaja Olimpiki ya London, Agosti 1948. Kwenye ubao wa mita 3 mpinzani wake mkubwa alikuwa Mmarekani mwenzake, Zoe Ann Olsen. Ushindi ulingoja mchupo wa mwisho, na Vicki alikuwa amejaa wasiwasi. Rafiki yake Sammy Lee, mchupaji mwenye asili ya Korea, akampa moyo. Alipata pointi 108.74, Olsen 108.23. Nusu pointi tu! Siku chache baadaye akachukua dhahabu ya jukwaa la mita 10 pia. Hakuna mwanamke aliyewahi kushinda zote mbili katika Olimpiki moja kabla yake. Lee naye alishinda jukwaa la wanaume, yeye ambaye utotoni aliruhusiwa kuingia bwawa la mjini Pasadena siku moja tu kwa wiki.

Baada ya London alizuru Ufilipino, nchi ya babake, akachupa mbele ya umati uliomwita wao. Aliingia kwenye maonyesho ya majini ya kulipwa, kisha akalea wanawe wanne wa kiume.

Alifariki Aprili 2010, akiwa na miaka 85. Miaka minne kabla ya hapo, San Francisco ilifungua bustani ya umma katika mtaa aliokulia, ikaiita Victoria Manalo Draves. Taylor halimo. Na kwa Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, neno manalo maana yake ni kushinda.