Charles Dickens na Gereza la Wadaiwa

Jina la Charles Dickens wengi wetu tulilisikia shuleni: yule mwandishi wa Uingereza wa zama za Malkia Victoria. Vitabu vyake walimu walitueleza. Deni la babake sikumbuki kuelezwa.

Dickens alizaliwa mwaka wa 1812 mjini Portsmouth. Babake, John, alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la wanamaji. Kazi nzuri, lakini mzee aliishi juu ya uwezo wake, akikopa hapa kulipa pale. Mnamo Februari 1824 mwokaji mikate aliyekuwa akimdai pauni 40 na shilingi 10 alichoka kungoja. John akakamatwa na kupelekwa Marshalsea, gereza la wadaiwa jijini London, kusini ya mto Thames.

Mimi nilisomea biashara, na hapa hesabu inanikataa kabisa. Mtu ameshindwa kulipa, unamfungia mahali hawezi kutoka kutafuta pesa, halafu unakaa ukingoja akulipe! Lakini waliotunga sheria hiyo hawakuwa wajinga. Walichotegemea ni aibu. Ndugu na marafiki wakiona mtu wao yuko ndani, watachanga. Asiyekuwa na wa kumchangia angeweza kukaa humo miaka. Ni jambo la kale, manake hata yule mtumwa wa Mathayo 18 ndivyo alivyomtendea mwenzake.

Aliyelipa gharama kubwa ni mtoto. Charles alipotimiza miaka 12 alikuwa tayari ametolewa shule, anafanya kazi kwenye ghala la rangi ya viatu kando ya mto. Kutwa nzima alifunika vikopo, akafunga kamba, akabandika karatasi za jina la kampuni. Malipo yalikuwa kama shilingi 6 kwa wiki. Mamake na wadogo zake walihamia gerezani kuishi na baba, kwa sababu sheria iliruhusu. Yeye alikodishiwa chumba karibu na hapo, na alfajiri alikuwa akisubiri lango lifunguliwe ili anywe chai na familia yake jela, kisha aende kazini.

Baada ya miezi kama mitatu baba alitoka, chini ya sheria ya waliofilisika. Charles hakutolewa kazini mara moja. Hata baadaye babake alipomtoa, mama alitaka arudishwe, pesa ziendelee kuingia. Hilo hakulisahau maisha yake yote.

Alipokuwa mtu mkubwa mwenye jina, alikuwa haachi kwenda kuangalia magereza. Mwaka wa 1842 alitembelea Philadelphia, Marekani, gereza ambalo kila mfungwa alikaa peke yake miaka mizima bila kuona uso wa mwenzake. Waliolianzisha walikuwa watu wa dini, wenye nia safi. Waliamini mtu akiachwa na dhamiri yake na Biblia atatubu. Dickens alitoka humo akisema ni mateso ya akili, mabaya kuliko ya mwili. Hata hivyo mwaka huo huo London ilifungua gereza la Pentonville kwa mfano huo. Hata ibadani kila mfungwa alitengewa kijisanduku chake asimwone jirani. Sisi watu wa kanisa tuisome sehemu hiyo polepole.

Novemba 1849 alikwenda kuona mume na mke, Frederick na Maria Manning, wakinyongwa hadharani kwa mauaji. Serikali iliamini kwamba watu wakiona watatishika. Alichokiona Dickens ni umati wa maelfu wakicheka, wakiimba, wakilewa, na wezi wakichomoa pesa mifukoni. Aliandikia gazeti la The Times kudai mambo hayo yafanyiwe ndani ya kuta. Ilichukua hadi 1868 sheria kubadilika. Msidhani alikuwa mpole kwa kila mtu, la. Wahuni wa kupiga watu barabarani aliwatakia adhabu kali sana. Na nyumbani kwake alimwacha mkewe mwaka wa 1858 kwa njia isiyopendeza.

Kazi yake ninayoipenda ni ile nyumba ya Shepherd's Bush. Mwaka wa 1847, kwa pesa za tajiri Angela Burdett-Coutts, alifungua makao ya wasichana waliotoka jela na barabarani, ili wajifunze kazi na kuanza maisha upya ng'ambo, kama vile Australia. Dickens mwenyewe aliwahoji na kuandika habari zao daftarini. Baada ya hapo, basi. Msichana alikatazwa kuwasimulia wenzake, na hata wasimamizi hawakuambiwa.

Kufungwa kwa sababu ya deni kulipunguzwa sana kwa sheria ya 1869. Krismasi ya mwaka huo familia ilikuwa ikicheza mchezo wa kukumbuka maneno, kila mtu akiongeza lake. Zamu ya Dickens ilipofika alitaja jina la ile kampuni ya rangi ya viatu na mtaa wake. Mwanawe Henry alishangaa macho na sauti ya babake, lakini hakuelewa. Juni 1870 Dickens akafa. Ni hapo rafiki yake John Forster alipochapisha maisha yake ndipo Henry alipojua jina lile lilitoka wapi.