Siti binti Saad na Masikio Yaliyomlea

Aghalabu anapotajwa Siti binti Saad, habari zake huanzia Bombay mwaka 1928, pale alipoimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingizwa katika santuri. Mwanzo huo una haki yake, lakini una kasoro moja kubwa. Unamwonyesha Siti kama mtu aliyegunduliwa na kampuni, ilhali kampuni ilimkuta ameshapata wapenzi wake, na kwa hakika ni wapenzi hao waliomfikisha melini. Makala haya yanayafuata maisha yake kwa njia ya hao waliomsikiliza: wanunuzi wa vyungu, wakaazi wa Ng'ambo, wenye gramafoni za kufungwa kwa mkono, na vijana walionasa nyimbo zake kwa kutega masikio.

Alizaliwa Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Kiti cha usultani wakati huo kilikaliwa na Sayyid Barghash, ambaye ndiye anayetajwa kuileta taarabu Unguja kutoka Misri, na ambaye alimpeleka mtu huko kujifunza kupiga ala. Kwa hiyo muziki ambao ungempa Siti jina ulikuwa tayari umeshafika kisiwani alipozaliwa, ila ulikaa kasrini, ukiimbwa kwa Kiarabu kwa ajili ya watu waliokuwa na nafasi ya kuketi na kuusikiliza. Mtoto wa Fumba hakuwa miongoni mwao. Wazazi wake walimwita Mtumwa. Jina hilo halihitaji ufafanuzi mrefu. Utumwa haukuondolewa kisheria Unguja hadi mwaka 1897, naye wakati huo alikuwa msichana wa makamo ya kuolewa.

Hakusoma chuoni wala shuleni. Kazi aliyorithi ni ufinyanzi, na chungu kikishachomwa hutafutiwa mnunuzi. Mtumwa binti Saad alitembea na vyombo vyake kichwani, akitangaza bidhaa yake kwa sauti, na inasimuliwa kwamba sauti hiyo ilisikika mbali kabla mwenyewe hajaonekana. Inafaa kulizingatia jambo hili, kwa sababu wasifu wa wasanii wetu huruka haraka kutoka umaskini hadi umaarufu kana kwamba kati yake hapana kitu. Mchuuzi anayetembeza vyungu huwa ameshafanya nusu ya kazi ya mwimbaji: hupima pumzi, hujua ni neno gani la kuvuta na ni lipi la kukata, tena huona papo hapo kama aliyemsikia amesimama au amepita. Wapenzi wa mwanzo wa Siti walikuja na fedha ya chungu, wakaondoka na chungu na sauti.

Aliolewa, akapata mtoto wa kike, akaachwa. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, aliyekuwa katika kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905, naye akamfundisha uimbaji na matamshi ya Kiarabu. Siti alijifunza pia kuisoma Kurani kwa sauti. Vyote hivyo aliviweka kichwani, kwa kuwa hakuwa na kalamu ya kumsaidia. Baadaye aliungana na wanaume waliokuwa mafundi wa ala na tungo, wakiwemo Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku na Maalimu Shaabani. Mwanamke kuimba mbele ya hadhira ya mchanganyiko, akifuatana na wapigaji wa kiume, halikuwa jambo dogo katika mji ule. Ikhwani Safaa yenyewe ilikuwa ya wanaume.

Mjini ndiko alikopata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, na jina la Mtumwa likafifia. Badiliko hilo si la kupambia tu. Katika Ng'ambo ya miaka ya 1910 na 1920, eneo lililokuwa upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga na Mji Mkongwe, wakaazi wengi walikuwa watumwa wa jana au watoto wao. Walikuwa wakijibadilishia majina, mavazi na makabila. Mwanamke ambaye zamani hakuruhusiwa kujitanda sasa alinunua kanga na buibui. Kila mmoja alikuwa katika safari ileile ya kutoka Mtumwa kuelekea Siti, ila wengi wao hawakuwa na sauti ya kuitangaza. Ndipo akatokea mmoja wao.

Wapo waliochukia. Maneno ya kumkejeli yalizagaa mjini, wakimkumbusha kwamba alikuja kutoka shamba na kaniki yake moja, na wakiusema vibaya uso wake. Siti alijibu kwa wimbo. Kwa ufupi alisema kwamba sura njema si mali ya kujivunia, na kwamba aliyejaliwa akili na tabia hapungukiwi. Jibu hilo limekaa katika kumbukumbu kuliko kejeli yenyewe, na sababu yake iko wazi. Waliolisikia wengi wao walikuwa wametukanwa hivyohivyo, tena na watu walewale.

Mashabiki wake waliishi na nyimbo zake kwa namna ambayo leo tungeiita ya kila siku. Usiku kikundi kilikutana Ng'ambo kwa mazoezi, na majirani hawakungoja mwaliko. Wimbo ulisikilizwa, ukajadiliwa, ukafasiriwa: nani amelengwa, fumbo limekwenda kwa nani, jambo lenyewe lilitokea mtaa gani. Hapa ndipo mchango wa Siti katika fasihi ya Kiswahili unapozidi suala la lugha tu. Ni kweli kwamba aliitoa taarabu katika Kiarabu na kuitia katika Kiswahili, na jambo hilo husifiwa katika kila mhadhara. Lakini Kiswahili hicho kilisema nini? Kilisema habari za mtaani. Wimbo wa Kijiti, mathalani, unahusu mauaji ya kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, mwuaji akavuka bahari akatoroka, na wanawake waliokuwa na marehemu usiku ule wakaishia kuadhibiwa na mahakama. Kwa wasikilizaji wa Ng'ambo wimbo huo ulikuwa hukumu ya pili. Hakimu wa kikoloni alishaamua. Wao waliketi vibarazani wakaamua upya. Wapo wahakiki wanaoiona taarabu kuwa ni sanaa ya mapenzi na mafumbo yake tu. Wimbo wa Kijiti peke yake watosha kuwatia shaka.

Watu hao basi ndio walioifanya kampuni ya santuri ihesabu faida. Kabla ya 1928 gramafoni zilikuwepo pwani, lakini sahani zilizopigwa zilitoka Misri na India. Wenye mikahawa walijua kwamba chombo hicho huvuta wateja. Kampuni nayo ilitambua kwamba wako watu wengi wanaonunua nyimbo za lugha wasiyoielewa vizuri, na ikajiuliza wangenunua ngapi za lugha yao. Mwezi Machi mwaka 1928 Siti na wenzake walikuwa Bombay. Santuri zilizotoka huko, na katika safari na kampuni zilizofuata, ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki.

Santuri ya wakati huo ilikuwa kitu kigumu na chepesi kuvunjika. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Wimbo ambao Ng'ambo ungerudiwa mpaka usiku wa manane, kila kibwagizo kikidaiwa tena na hadhira, ulilazimika kukatwa uingie katika kipimo hicho. Kwa hiyo Siti tunayemsikia katika santuri si Siti waliyemsikia majirani zake. Amefupishwa. Lakini mashine haikuhitaji umeme. Ilifungwa kwa mkono kama saa, sindano ikabadilishwa, ikaimba. Ndiyo maana aliweza kufika mahali ambapo hata taa ya barabarani haikuwepo. Mwenye gramafoni moja alikuwa na wageni wa mtaa mzima, na aliyetaka kuurudia wimbo hakumwomba mwimbaji tena. Alimwomba mwenye mashine.

Kutoka Unguja santuri zilikwea pwani yote pamoja na majahazi na meli za abiria, Mombasa ikiwa mojawapo ya bandari kubwa za njia hiyo. Upande wa bara wa kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, historia ya wasikilizaji haikutofautiana sana na ya Ng'ambo. Pale Freretown, jirani na Bombolulu, wamishenari wa Kanisa la Uingereza walianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa katikati ya miaka ya 1870, na baadhi ya walowezi wake wa mwanzo walikuwa Waafrika waliolelewa karibu na Bombay, mji uleule aliokwenda kuimbia Siti nusu karne baadaye. Utumwa katika pwani hiyo ulidumu kisheria hadi 1907. Daraja la kuelea la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1931, watu na vitu, santuri zikiwemo, vilipata njia nyepesi zaidi ya kuvuka mkono wa bahari kuelekea Kisauni.

Bombolulu ya leo ni mtaa wa nyumba za kupanga, maduka na matatu kando ya barabara iendayo Malindi. Mpenzi wa muziki hapo haoni taabu kuupata: matatu humsikilizisha kabla hajauliza nauli, na simu yake hubeba nyimbo nyingi kuliko duka zima la santuri la zamani. Bango la Mzee Ngala, mwana wa Freretown, limo, reggae imo, muziki wa Bongo umo. Harusi ikifika, taarabu hurudi mahali pake, na wanawake walioshona sare huinuka na noti mkononi kumtunza mwimbaji pale anapofika kwenye ubeti unaosema la moyoni mwao. Mombasa ilizaa mabingwa wake, Juma Bhalo aliyefariki mwaka 2014 akiwa wa mbele, naye alichota sana katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba kila ala ya Mombasa ilitoka kwa Siti. Hata hivyo, lile tendo la kuinuka na kutunza kwa sababu wimbo umesema habari yako, kwa lugha yako, lina nasaba, na nasaba hiyo inapita Ng'ambo.

Katika mashabiki wote wa Siti hakuna aliyefika mbali kama Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude. Alikuwa binti mdogo, baba yake muuza nazi, na hakuwa na mwaliko wowote. Alijifunza kwa kusikiliza. Alizinasa nyimbo alizozisikia kwa Siti, akazibeba kichwani kama Siti mwenyewe alivyobeba zake, akatembea nazo pwani na bara kwa miongo mingi kabla wageni hawajamjua. Kumwita mwanafunzi wa Siti si kosa, lakini neno lililo sahihi zaidi ni mpenzi: aliyependa wimbo hadi ukawa wake.

Siti mwenyewe aliishi maisha ya uzeeni bila makeke. Sauti yake ilikuwa imeenea kuliko sura yake, na faida ya santuri haikumfanya tajiri wa kulingana na jina alilokuwa nalo. Katika siku zake za mwisho alikutana na Shaaban Robert, ambaye aliyasikiliza maisha yake na kuyaandika. Wasifu wa Siti binti Saad ulitoka mwaka 1958 na ungali miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sana katika fani hii. Shaaban Robert alimchora zaidi kama kielelezo cha uadilifu na bidii, kama ilivyokuwa ada yake, na kelele za barazani zikapungua katika kurasa zake. Msomaji anayetaka kumwona Siti kamili hana budi kuzirudisha mwenyewe: vicheko, ubishi juu ya fumbo, mtu anayedai ubeti urudiwe.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanahabari wanawake wa Tanzania, kupitia chama chao cha TAMWA, walianzisha jarida wakaliita Sauti ya Siti. Bi Kidude aliendelea kuziimba nyimbo alizozichukua kwake, mwaka 2005 akapokea tuzo ya kimataifa ya WOMEX, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 zilikuwa zimepita karibu miaka 63 tangu mwalimu wake asiyemwalika kunyamaza.