Bertha Benz: Mama Aliyeijua Taabu ya Mlima

Nikitoka shule huwa napitia gereji ya mjomba wangu kabla ya kwenda nyumbani. Mimi humshikia spana, naye hunifundisha. Watu wakiniona na grisi mikononi husema eti kazi ya injini si ya wasichana. Zamani nilikuwa nanyamaza tu. Siku hizi nawasimulia habari za Bertha Benz.

Bertha alizaliwa mwaka wa 1849 katika mji wa Pforzheim, Ujerumani. Hata kabla ya kuolewa na Karl Benz mwaka wa 1872, alikubali mali aliyotengewa na wazazi wake kwa ajili ya ndoa iingizwe katika biashara ya mchumba wake. Mwaka wa 1886 Karl alipata hataza ya gari la magurudumu matatu, lakini wanunuzi hawakujitokeza. Watu waliliogopa.

Basi alfajiri moja Agosti 1888, Karl akiwa bado amelala, Bertha na wanawe Eugen na Richard walilitoa gari, wakashika njia kutoka Mannheim kwenda kwa mama yake Pforzheim. Ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 100! Mafuta yalipopungua, alinunua mengine katika duka la dawa mjini Wiesloch. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake.

Taabu kubwa ilikuwa milima. Gari halikuwa na gia ya kutosha, ikabidi lisukumwe. Na kama wasemavyo wahenga, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwenye miteremko breki za mbao zililika, naye akamwomba fundi wa viatu azipigilie ngozi. Jioni walifika, akampelekea mumewe telegramu. Aliporudi alimweleza kila kasoro, na Karl akaongeza gia ya kupandia mlima.

Kumbe gia ni kubadilishana nguvu na mwendo! Katika gia ya kwanza injini huzunguka mara nyingi ili magurudumu yazunguke kidogo, lakini kwa nguvu. Katika magari mengi ya gia tano, gia ya nne huzungusha shafti ya kutoka kwenye giaboksi sawasawa na injini. Ya tano ndiyo ovadraivu: injini ikizunguka kama mara 8, shafti huzunguka mara 10. Barabarani tambarare injini hutulia, kelele hupungua na petroli haiishi haraka. Lakini jaribu kupanda mlima na gia hiyo, utasikia gari likikohoa! Sharti urudi chini. Mjomba husema dereva hodari hujulikana kwa kujua wakati wa kurudisha gia. Bertha alilijua jambo hilo kwa jasho lake, si kwa kuambiwa.

Alifariki mwaka wa 1944, akiwa na umri wa miaka 95, na magari yamejaa duniani.

Mimi nimemwambia mama kwamba nikimaliza kidato cha nne nataka kusomea uhandisi wa magari. Hajakubali. Lakini Jumamosi iliyopita niliporudi kutoka gereji, nilikuta ameniwekea sabuni ya kutolea grisi kando ya karai. Hakusema neno, nami sikuuliza. Nilinawa, nikaketi kula.