MAISHA YA WATU WALIOJULIKANA: COUNTEE CULLEN (1903-1946)



Siku ya kurudisha karatasi za interogasyo ya Kiingereza, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano aliniuliza mbele ya darasa zima: kusoma mashairi ya Waingereza kunatusaidia nini sisi? Na mtu akiongeza miaka ingine kwenye chuo kikuu juu ya mambo ayo, atapata kazi gani? Wenzake walicheka sana. Mimi sikucheka, maana swali lile ni la kweli, na wazazi wenu wanaolipa minervali wanajiuliza vile vile. Kengele ililia mbele ya mimi kujibu. Basi nimeona vizuri kujibu hapa, kwa kuwaelezea maisha ya mtu mmoja mweusi wa Marekani aliyeandika mashairi, na aliyefanya masomo ayo mpaka digrii ya masta, ile inayofuata lisansi.

Countee Cullen alizaliwa tarehe 30 mwezi wa tano mwaka 1903. Mahali alipozaliwa hapajulikani vizuri. Yeye mwenyewe mara alisema Louisville, mara New York. Jina lake la utoto lilikuwa Countee Porter. Alilelewa na mama mzee, Elizabeth Porter, na watu wengi wanafikiri njo alikuwa nkambo yake. Mama yule alipokufa, kijana alikuwa na miaka karibu 15, na alibaki bila mtu. Ndipo mchungaji Frederick Cullen na mke wake wakamchukua nyumbani kwao, wakampa na jina lao. Mchungaji huyu aliongoza kanisa la Kimetodisti liitwalo Salem, moja la makanisa makubwa ya Harlem. Harlem ni mtaa wa New York ambamo watu weusi waliotoka majimbo ya Kusini walikuja kwa wingi miaka ile, kutafuta kazi na kukimbia mateso. Basi, mtoto yatima akawa mtoto wa mchungaji. Wale kati yenu ambao ni watoto wa wachungaji wanajua maana yake: ibada kila siku, na macho ya kanisa zima juu yako.

Alipelekwa kusoma DeWitt Clinton, shule kubwa ya wavulana, karibu wote wazungu. Pale alishika gazeti la shule, na pia kitabu cha maandiko ya wanafunzi kilichoitwa Magpie, ambalo ni jina la ndege mmoja mwenye kelele nyingi. Mnaona, alianza palepale mnapoanzia ninyi, ingawa gazeti lao lilichapwa kwenye mashini nzuri, halikuwa la stensili lenye kuacha wino kwenye vidole. Shairi lake moja lilipata zawadi katika mashindano ya shule za mji, na jina lake likaanza kutembea. Mwaka 1922 alimaliza, akaingia Chuo Kikuu cha New York.

Hapo alifanya miaka mitatu tu. Kulikuwa mashindano ya mashairi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya inchi nzima: mwaka 1923 alikuwa wa pili, mwaka 1924 wa pili tena, mwaka 1925 wa kwanza. Kitabu chake cha kwanza, Color, maana yake Rangi, kilitoka mwaka ule ule wa 1925 kwa Harper, wachapishaji wakubwa wa New York. Alikuwa na miaka 22. Watu weusi walikariri mashairi yake makanisani na mashuleni, na wazungu pia walimsifu.

Kusema kweli, angeweza kuishia pale. Kitabu anacho, jina analo, lisansi anayo. Juu ya nini kurudi tena kwenye kiti na kusahihishwa sawa mtoto?

Lakini njo alirudi. Mwezi wa tisa 1925 alikuwa Harvard, kufanya masta ya Kiingereza. Tujue Harvard ya wakati ule ilikuwa namna gani. Mwaka 1922 mkubwa wa chuo alikuwa amekataza vijana weusi wa mwaka wa kwanza kulala katika internati pamoja na wazungu. Ilifika mwaka 1923, kisha makelele mengi, wenye kusimamia chuo wakavunja amri ile. Cullen aliingia miaka miwili nyuma ya palaver hiyo.

Sasa, alisoma nini? Hapa nataka kukaa kidogo, maana njo moyo wa jambo. Alifuata masomo ya mwalimu Robert Hillyer, ambaye alikuwa mshairi pia. Masomo ayo yalikuwa juu ya ufundi wa kutunga mashairi: si kusema tu shairi hili linanifurahisha, hili halinifurahishi, bali kuandika mwenyewe kwa kila kipimo cha zamani, moja kisha ingine. Ninyi katika Kifaransa mmefundishwa kuhesabu silabi 12 za alexandrin. Kiingereza hakitoshi na hesabu ya silabi. Kinataka pia uzito: silabi moja nyepesi, moja nzito, nyepesi, nzito, mara tano, mpaka mstari unatembea sawa mtu anayetwanga kwenye kinu. Ukikosa pigo moja, sikio la Mwingereza linajua. Kuna shairi la mistari 14, kuna beti za mistari saba ambazo Chaucer alizitumia zaidi ya miaka 600 iliyopita, na kila moja ina sheria yake ya vina. Cullen alipewa vipimo hivyo kama kazi ya nyumbani, na baadhi ya kazi zile za darasa aliziingiza baadaye katika vitabu vyake. Mwaka 1926 alipata masta yake.

Mshairi aliyempenda kuliko wote alikuwa John Keats, Mwingereza, mtoto wa mtu wa kutunza farasi, aliyekufa Roma mwaka 1821 akiwa na miaka 25 tu. Mwaka 1926, kisha masomo, Cullen alisafiri na baba yake mchungaji mpaka Ulaya na Palestina. Walipopita Roma alikwenda katika makaburi ya Waprotestanti, akasimama kwenye kaburi la Keats. Mtoto mweusi asiyejua kwao ni wapi, kwenye kaburi la mtoto wa mtunza farasi: aliona huyu ni ndugu yake.

Lakini palepale vita ilikuwa imeanza. Mwezi wa sita wa mwaka huo huo, mshairi mwenzake Langston Hughes, mtu mweusi pia na karibu wa umri wake, aliandika katika gazeti The Nation juu ya kijana mmoja mshairi asiyetaka kuitwa mshairi mweusi, anayetaka kuitwa mshairi tu. Hughes hakutaja jina. Kila mtu alijua ni nani. Kwa Hughes, kijana wa namna hii anakimbia watu wake. Yeye Hughes alichukua muziki wa jazi na maneno ya barabara, akafanya nayo mashairi. Cullen hakukubali. Mwaka 1927, akikusanya mashairi ya Wamarekani weusi katika kitabu kimoja, alieleza mwanzoni kwamba watu hawa wanasema Kiingereza toka utoto, basi hazina yote ya Kiingereza ni yao, na itawafaa kuliko kutafuta damu ya zamani ya Afrika.

Je, nani alikuwa na haki? Mimi nimebadilisha mawazo mara mbili juu ya jambo hili. Wakati nilikuwa mwanafunzi nilikuwa upande wa Hughes kabisa. Na hata leo, neno lile la Cullen juu ya Afrika linaniuma. Aliandika shairi refu akijiuliza Afrika ni kitu gani kwake, na Afrika anayoionyesha ni ya vitabu, yenye nyoka na ngoma, hakuna hata mtu mmoja anayekwenda shambani. Lakini angalieni pia mambo aliyoyaandika kwa vile vipimo vya Kiingereza: uchungu wa mtoto mweusi aliyetukanwa barabarani, watu walionyongwa na wazungu Kusini, swali kwa Mungu aliyefanya mtu mweusi halafu akamwambia aimbe. Alichukua kinu cha Waingereza, lakini unga aliotwanga haukuwa wa Waingereza. Kwa hiyo, kusema alikimbia watu wake, hapana.

Miaka iliyofuata nitapita mbio. Alifanya kazi katika gazeti Opportunity la watu weusi. Mwezi wa ine 1928 alioa Yolande, binti wa W. E. B. Du Bois, yule mkubwa aliyeitisha mwaka 1921 mikutano ya watu weusi ambayo moja ilifanyika Bruxelles, na ndugu yetu Mkongo Paul Panda Farnana alikuwamo. Arusi ilijaza kanisa la Salem watu maelfu. Ndoa haikudumu: 1930 waliachana. Mwaka ule wa arusi alipata pia msaada wa fedha wa Guggenheim, akakaa Paris kuandika na kusoma Kifaransa. Alikipenda Kifaransa sana, na karibu kila kiangazi alirudi Ufaransa mpaka vita vilipokaribia. Kitabu alichoandika kule, cha 1929, hakikusifiwa kama vile vya kwanza. Watu walianza kusema nguvu yake imeisha.

Kisha njaa ikaingia Marekani. Mwaka 1933 karibu mtu mmoja juu ya wafanyakazi wane hakuwa na kazi, na Harlem ilikuwa mbaya zaidi. Nani atanunua mashairi? Mwaka 1934 Cullen, mwenye masta ya Harvard, mwenye vitabu, aliyejulikana mpaka Ulaya, aliingia kufundisha Kifaransa katika shule ya Frederick Douglass, Harlem, shule ya wavulana wa miaka 12 mpaka 15, sawa na miaka yetu ya kwanza ya sekondari. Alibaki pale mpaka kufa kwake, miaka zaidi ya kumi. Wako wanaoandika jambo hili kama kuanguka. Mimi ni mwalimu, mnajua nitasema nini, basi sisemi. Naeleza tu lililotokea.

Katika watoto wake kulikuwa kimoja chembamba, macho makubwa, mtoto wa mhubiri maskini, nyumba yenye watoto wengi. Jina lake James Baldwin. Cullen alikuwa anasimamia pia klabu ya maandiko ya shule, na mtoto huyu alikuwamo. Alishika na gazeti la shule. Mwalimu alimsahihisha, na alipokaribia kumaliza alimshauri asiingie shule yoyote tu iliyo karibu, aombe nafasi DeWitt Clinton, shule ile aliyosoma yeye mwenyewe. Baldwin aliombea, akakubaliwa mwaka 1938. Na kule, nani alikuja kuwa kati ya wenye kushika Magpie? Yeye. Mwaka 1942 Magpie ilichapa mazungumzo na mshairi Countee Cullen: aliyeuliza maswali alikuwa Baldwin, na aliyejibu alikuwa mwalimu wake wa zamani, ambaye miaka 20 mbele alikaa kwenye meza ya gazeti lile lile. Baadaye Baldwin alikwenda Paris naye, mwaka 1948, akawa mwandishi ambaye dunia yote inamjua.

Miaka ya ualimu Cullen hakuacha kalamu. Mwaka 1935 alitoa Medea, mchezo wa Mgiriki Euripides, katika Kiingereza. Mwaka 1940 alioa tena, Ida Roberson, na mwaka huo huo alitoa kitabu cha watoto juu ya wanyama waliokosa kupanda safina ya Noa. Cha pili, cha 1942, aliandika pamoja na paka wake, au ndivyo alivyochapa kwenye jalada. Wale wa mwaka wa kwanza na wa pili wangekipenda.

Alikufa New York tarehe 9 mwezi wa kwanza 1946 kwa ugonjwa wa damu kupanda, akiwa na miaka 42. Mchezo wa kuigiza wenye nyimbo aliouandika pamoja na Arna Bontemps ulionyeshwa mara ya kwanza Broadway mwezi wa tatu, yeye amekwisha kuzikwa. Mwaka 1951 maktaba ya barabara ya 135 katika Harlem ilipewa jina lake. Ni kwenye barabara ile Baldwin alipokuwa mtoto alikuwa anakwenda kuazima vitabu.