Askofu Steere na Soko la Mkunazini

Kanisa la Mkunazini, mjini Unguja, hujulikana na kila mwenyeji. Limesimama palipokuwa soko la watumwa, na wageni kutoka pande zote za dunia hufika kulitazama. Nyuma ya altare yake amezikwa mtu aliyelijenga, Askofu Edward Steere, aliyefariki mwishoni mwa Agosti 1882. Jina lake halikusahauliwa, lakini maisha yake hayasimuliwi mara nyingi kama yanavyostahili. Safu hii yapenda kuyasimulia leo kwa sababu ya jambo moja ambalo Steere alilitambua mapema, na ambalo wananchi na watumishi wa serikali wa zama hizi wangali wakilihitaji. Jambo lenyewe ni kwamba kumtoa binadamu mikononi mwa mwenye kumuuza ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpatia mahali pa kwenda.

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata udaktari wa sheria mwaka 1850, na mwaka huohuo akakubaliwa kuwa wakili. Angaliweza kuishi kwa raha katika kazi hiyo, walakini moyo wake ulielekea kwenye ibada na utumishi. Mwaka 1856 alipewa daraja ya ushemasi, na baadaye upadri, akatumikia parokia ndogo za Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, miongoni mwa wakulima na wavuvi. Huko alipata rafiki, Padri William Tozer, na urafiki huo ndio uliomleta Afrika.

Wakati huo chama kipya cha kimisionari kilikuwa kimeundwa katika vyuo vikuu vya Uingereza, kufuatia wito alioutoa David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857. Msafara wake wa kwanza, ukiongozwa na Askofu Mackenzie, ulifika nyanda za juu za mto Shire mwaka 1861. Ulikutana na misafara ya watumwa njiani, na watu kadhaa wakafunguliwa minyororo kwa nguvu ya bunduki. Lakini watu hao hawakuwa na chakula, wala makao, wala nchi yenye amani ya kurejea. Wamisionari wakajikuta wanalea kijiji kizima katikati ya vita na njaa. Mackenzie mwenyewe alifariki kwa homa mwezi wa Januari 1862, na wenzake kadhaa wakamfuata kaburini.

Tozer ndiye aliyechaguliwa kushika nafasi yake. Steere alikubali kumsindikiza rafiki yake kwa muda mfupi, akamwacha mkewe Uingereza. Muda huo mfupi uligeuka kuwa umri wake wote uliosalia. Walifika Zambezi mwaka 1863, wakaona kwamba kazi haiwezi kusimama mahali pale, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Walilaumiwa sana kwao kwa kuiacha bara. Lakini uamuzi wao ulikuwa na maana kubwa, kwani Unguja ndiyo iliyokuwa mlango wa biashara ile. Mateka waliotekwa pande za Ziwa Nyasa waliteremshwa hadi Kilwa, wakapakiwa majahazini, wakaletwa Unguja kuuzwa. Wengine walibaki kwenye mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na wengine walivushwa hadi Arabuni.

Haki yatudai tuseme kwamba biashara hiyo haikuwa ya taifa moja wala ya dini moja. Walikuwako watekaji wa bara waliouza jirani zao, wenye misafara wa pwani, wenye mitaji kutoka Bara Hindi, na Wazungu walionunua watu kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Mataifa ya Kikristo yalikuwa yamekwisha kuvusha mamilioni ya Waafrika katika Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo habari ya Steere si fimbo ya kumpigia yeyote. Ni habari ya mtu mmoja aliyeona dhuluma, akajiuliza dini yake inamtaka afanye nini.

Mara baada ya kufika, Seyyid Majid aliwakabidhi wamisionari wavulana watano waliokuwa watumwa. Baadaye waliletwa watoto wengine, waliokamatwa na manowari za Waingereza ndani ya majahazi ya watumwa. Ndipo swali la Shire liliporudi kwa sura nyingine. Manowari iliweza kulikamata jahazi kwa siku moja. Lakini mtoto wa miaka minane, asiyejua lugha ya mji na asiyekumbuka njia ya kwao, angepelekwa wapi? Akiachwa njiani, angetekwa tena kabla jua halijachwa.

Jibu la Steere lilianza na sala, na sala yake haikuishia kwenye magoti. Aliamini kwamba mtu hawezi kumwombea vyema yule ambaye hawezi kusema naye. Kwa hiyo alijifunza Kiswahili kwa bidii ya mwanasheria anayeisoma kesi. Aliketi na watu wa Unguja, wakiwamo Waislamu wenye elimu, akiwauliza maneno, akisikiliza ngano zao na kuziandika. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, na mwaka huohuo mkusanyo wa hadithi za Waswahili. Alikusanya pia maneno ya Kiyao na lugha nyingine za bara, kwa kuwa ndizo lugha za watoto waliokuwa mikononi mwake. Aliweka mtambo wa kupiga chapa, na vijana waliokombolewa wakafundishwa kazi hiyo. Ibada na sala alizitafsiri kwa Kiswahili, ili aliyetoka katika minyororo amwombe Mungu kwa lugha anayoielewa, si kwa lugha ya aliyemkomboa.

Matunda ya kazi hiyo yamewafikia hata wasiokuwa Wakristo. Kiswahili cha Unguja, ambacho Steere alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukiandikia sarufi, ndicho kilichochaguliwa baadaye kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Steere alikwenda Uingereza mwaka 1868, akarudi Unguja mwaka 1872 baada ya kimbunga kikubwa kuupiga mji. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash, akiwa ameshinikizwa sana na serikali ya Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya watumwa. Soko la Mkunazini likafungwa. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na mmisionari mmoja na kukabidhiwa chama chake, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Sewji. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo wa 1873. Masimulizi yasema kwamba altare ilijengwa palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa viboko.

Steere, aliyepewa daraja ya uaskofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe. Hakuwa mjenzi kwa taaluma, lakini paa kubwa la kanisa alilijenga kwa kokoto za matumbawe na saruji, likapinda kama kuba ndefu bila boriti, huku watu wakitabiri kwamba litaanguka. Halikuanguka. Yasemekana kwamba nguzo fulani zilisimamishwa juu chini na mafundi alipokuwa safarini, naye akaziacha zilivyo. Ibada ya kufungua kanisa ilifanyika siku ya Krismasi ya mwaka 1879. Saa ya mnara ilitolewa zawadi na Seyyid Barghash, mtawala Mwislamu, na ishara hiyo ya ujirani mwema haifai kusahauliwa.

Hata hivyo, tukilitazama kanisa peke yake tutakuwa tumeikosa kazi kubwa zaidi. Huko Mbweni, nje ya mji, wamisionari walikuwa na shamba ambapo waliokombolewa walipewa nyumba na ardhi ya kulima, na palikuwa na shule ya wasichana. Huko Kiungani palikuwa na shule ya wavulana. Mmoja wa wale watano wa kwanza, John Swedi, alikua, akasoma, na mwaka 1879 akawekwa kuwa shemasi. Mtoto aliyekabidhiwa kama mali alisimama mbele ya watu kuwaongoza katika sala. Hapo ndipo tunapouona ukombozi uliokamilika.

Steere alijua kwamba wengi hawakutaka kuishi kisiwani milele. Mwaka 1876 aliongoza msafara wa watu zaidi ya hamsini waliokombolewa, akikusudia kuwarejesha pande za Ziwa Nyasa walikotoka. Walipofika Masasi, wasafiri waliipenda nchi, wakaona maji na udongo mzuri, wakaomba wakae hapohapo. Askofu angeweza kuwaamuru waendelee. Badala yake aliwasikiliza, wakagawiwa viwanja, na Masasi ikazaliwa. Watu ambao kwa miaka mingi waliamuliwa kila hatua na wengine waliulizwa wanapenda kuishi wapi, na jibu lao likaheshimiwa.

Hatusemi kwamba kazi ile haikuwa na dosari. Wamisionari walifika chini ya kivuli cha dola ya Uingereza, na dola hiyo iliigeuza Unguja kuwa nchi ya himaya yake mwaka 1890. Waliokombolewa waliishi chini ya amri kali za misheni, na wengi walipewa majina mapya na dini mpya wakiwa bado watoto. Haya yote ni sehemu ya historia, na mwenye kuieleza kwa uaminifu hana budi kuyataja. Lakini dosari hizo hazifuti ukweli kwamba palipokuwa hapana mlango, Steere alifungua mlango.

Wala kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa biashara. Baada ya bahari kufungwa, wachuuzi walifuata njia ya nchi kavu, wakiwaswaga mateka kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, kisha wakiwavusha usiku hadi Pemba. Ilibidi Seyyid Barghash atoe amri nyingine mwaka 1876 kuizuia misafara ya bara, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Steere hakuuona mwaka huo. Alifariki akiwa na umri wa miaka 54, na wiki chache baada ya kifo chake, mwezi wa Septemba 1882, Masasi ilivamiwa na wapiganaji, nyumba zikachomwa na watu wakatekwa. Ingaliwezekana kusema kazi yake imekufa pamoja naye. Lakini baadhi ya mateka walikombolewa, walionusurika wakajenga upya, na Masasi ingalipo hadi leo.

Ndugu msomaji, tumeyaeleza haya kwa sababu biashara ile imerudi ikiwa imevaa nguo nyingine. Siku hizi hapana mnada wa hadhara. Pana mtu mwenye maneno matamu anayemwahidi binti kazi nzuri ya nyumbani mjini au ng’ambo, naye akifika hunyang’anywa pasi, hunyimwa mshahara, na hufungiwa mlango. Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2000, na Bunge letu la Muungano likatunga sheria yake mwaka 2008. Sheria hiyo haikutaja adhabu peke yake. Ilitaja pia hifadhi na msaada kwa waathirika, pamoja na mfuko wa kuwasaidia. Waliotunga sheria hiyo waliielewa ile nusu ya pili ya kazi.

Kwa hiyo twawaomba watumishi wa serikali waipime kazi yao kwa kipimo hicho. Kesi iliyofikishwa mahakamani na kushinda ni jambo la kupongezwa, lakini binti aliyeokolewa bandarini Malindi atalala wapi usiku ule? Nani atakayesema naye kwa lugha ya kwao? Nani atakayemuuliza anapenda kwenda wapi, badala ya kumpakia katika boti na kumrejesha kwa jamaa yuleyule aliyemtoa? Nyumba salama, ufundi wa mkono na mtu wa kumsikiliza si hisani za ziada. Bila hayo atarudi mikononi mwa mchuuzi, kama ilivyokuwa Shire na kama ilivyokuwa Masasi.

Na kwa wananchi wa Visiwani, wa dini zote, twasema kwamba mzigo huu si wa serikali peke yake. Tangu mwaka 2015 Wakatoliki ulimwenguni huiweka tarehe 8 Februari kuwa siku ya sala kwa ajili ya waathirika wa biashara hii, wakimkumbuka Mtakatifu Josephine Bakhita wa Sudan, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto. Uislamu nao, tangu mwanzo, umeweka kumwacha mtumwa huru kuwa miongoni mwa amali kubwa. Dua na sala zina nafasi yake, na Steere hangekubali kuzipunguza. Lakini yeye alipoinuka kutoka kwenye sala alikwenda kujifunza neno jipya la Kiyao, au kutengeneza herufi za chapa, au kumpimia mtu kiwanja cha nyumba. Msikiti, kanisa na mtaa unaoomba dua kwa ajili ya walionaswa hauna budi pia kujua ni mlango gani utakaofunguliwa siku mmoja wao atakapobisha hodi.