J.R.D. Tata: Aliyeendesha ndege za serikali kama duka lake

Mfanyabiashara wa kuvuka mpaka anaijua vizuri gharama ya huduma ya umma iliyolala. Lori likikwama siku mbili kwa sababu mhusika hayupo ofisini, nyanya zinaoza na mkopo unaendelea kuzaa riba. Ndiyo maana maisha ya Jehangir Ratanji Dadabhoy Tata, aliyefariki dunia mwaka 1993, yanafaa kukumbukwa huku kwetu. Kwa miaka 25 aliongoza shirika la ndege ambalo halikuwa lake tena bali la serikali, na akalisimamia kwa jicho la mwenye duka.

Tata alizaliwa Paris, Julai 29, 1904. Baba yake alikuwa Mparsi wa India, mfanyabiashara katika ukoo maarufu wa Tata, na mama yake alikuwa Mfaransa. Mwaka 1925 baba alimwita arudi India, naye akaanza kazi katika kampuni ya ukoo akiwa mwanagenzi asiye na mshahara. Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 34, alikabidhiwa uenyekiti wa kampuni zote za Tata.

Hata hivyo, moyo wake ulikuwa angani. Utotoni, familia yake ilipokuwa ikipumzika pwani ya Ufaransa, jirani yao alikuwa Louis Blériot, mtu wa kwanza kuvuka kwa ndege bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza. Februari 10, 1929 Tata alipata leseni ya urubani, ya kwanza kutolewa nchini India.

Aga Khan alitangaza zawadi kwa Mhindi wa kwanza kuruka peke yake kati ya India na Uingereza. Tata aliondokea India. Kijana Aspy Engineer aliondokea Uingereza. Walikutana Aboukir, Misri, ambako Engineer alikuwa amekwama kwa kukosa plagi za injini. Tata akampa za kwake za akiba. Engineer alifika kwanza na kushinda kwa tofauti ya saa chache tu, na baadaye akawa mkuu wa Jeshi la Anga la India. Tata alikosa zawadi, lakini hakuonekana kuijutia plagi ile.

Oktoba 15, 1932 alianza biashara yenyewe. Akiendesha ndege ndogo yenye injini moja, alibeba barua kutoka Karachi hadi Bombay kupitia Ahmedabad. Kutoka hapo mshirika wake, Nevill Vintcent, akaendelea nazo hadi Madras. Hapakuwa na redio ndani ya ndege wala mwongozaji chini wa kumwambia rubani apite wapi. Uwanja wa Juhu, Bombay, ulikuwa wa udongo, na masika yakija ulijaa maji, hivyo safari zikahamishiwa Poona. Serikali haikutoa ruzuku. Ililipa kwa barua zilizobebwa. Mwaka wa kwanza kampuni ilibeba abiria 155 tu, lakini ilipata faida ya rupia 60,000, kwa sababu barua zilifika kwa wakati na posta iliendelea kuwapa kazi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni hiyo iligeuzwa kuwa Air India. Mwaka 1948 Tata mwenyewe aliifuata serikali akapendekeza ubia wa kufungua safari za ng'ambo, na serikali ikachukua asilimia 49 ya hisa. Juni 8 mwaka huo ndege ya kwanza iliondoka Bombay kwenda London kupitia Cairo na Geneva. Mwaka 1950 ikafunguliwa njia ya Bombay hadi Nairobi. Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki aliyezoea kuvuka Bahari ya Hindi kwa siku nyingi melini sasa aliweza kwenda kuagiza mali na kurudi kabla duka halijaishiwa.

Kisha likaja pigo. Mwaka 1953 serikali ya Jawaharlal Nehru ilitaifisha mashirika yote ya ndege. Tata alipinga. Aliamini kwamba ndege zikiingizwa katika siasa, huduma itaoza. Alilipwa fidia, na angeweza kabisa kujiondolea zake. Lakini serikali ilimwomba awe mwenyekiti wa shirika jipya la safari za nje. Alikubali, na hakuchukua mshahara.

Jinsi alivyoongoza ndiyo sehemu ya kujifunza. Alisafiri katika ndege za shirika akiwa na karatasi na kalamu, kisha akawaandikia mameneja kuhusu kila alichokiona: chai isiyo na rangi nzuri, kiti kibovu, kaunta yenye vumbi, ndege iliyochelewa. Kwake kiti kitupu kilikuwa hasara, hata kama hazina ya taifa ingeweza kuifunika. Nehru alimwachia nafasi ya kuendesha shirika bila kuingiliwa kila siku. Kufikia 1962 ndege zote za Air India zilikuwa za jeti, wakati mashirika makubwa ya Ulaya bado yalikuwa na za panga.

Ni haki kusema kwamba mtaji wa serikali ulisaidia. Ndege za jeti ni ghali, na si kila kampuni binafsi ingeziweza. Kilichofanya kazi ni fedha za umma kusimamiwa na mtu anayeangalia hesabu. Kwetu sisi, East African Airways ilikuwa mali ya nchi zetu kwa pamoja. Nchi wanachama zilipogombana kuhusu nani alipe deni lipi, ndege zilisimama mwaka 1977, mwaka uleule Jumuiya ilipovunjika.

Januari 1, 1978 ndege kubwa ya Air India ilianguka baharini karibu na Bombay, na watu 213 wakafa. Mwezi uliofuata serikali ya Morarji Desai ilimwondoa Tata. Hakuitwa kuambiwa, habari alizipata kwa mtu aliyeteuliwa kushika nafasi yake. Mwaka 1980 Indira Gandhi alimrudisha kwenye bodi, ila si kwenye uenyekiti. Mwaka 1982, akiwa na miaka 78, aliruka tena peke yake kutoka Karachi hadi Bombay kuadhimisha miaka 50 ya safari ile ya barua.

Alifariki Geneva, Novemba 29, 1993, na kuzikwa Paris. Shirika alilolilea lilikuja kuzama katika madeni, na serikali ikaamua kuliuza. Januari 2022 Air India ilirudi mikononi mwa kampuni ya Tata, miaka 69 baada ya kuchukuliwa.

Mpaka wetu, bandari yetu na anga yetu vitaendelea kuwa mali ya umma, na hilo si kosa. Swali ambalo Tata alilijibu kwa miaka 25 ni nani anayepita na karatasi na kalamu kuangalia foleni imefika wapi.